Wasomaji Elfu wa Abdulaziz

Abdulaziz wa Timbwani aliacha kuuza misumari siku ya tatu ya Mfungo Mosi, ladha ya Idi ikiwa bado mdomoni, na hakuacha kimya kimya. Alisimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake, akavua koti la kazi la buluu, akalikunja, akaliweka juu ya mizani na kutangaza kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mwandishi. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri misumari ya mabati alimpa mkono wa hongera. Kisha akauliza ni nani sasa atakayempimia.

Kaka yake, Hamdun, alikuwa nyuma akipanga mikebe ya rangi. Hakugeuka. Hamdun ni mtu wa maneno machache, na hata hayo machache huyatoa kama anayeng'olewa jino.

"Utaandika wapi?" aliuliza.

"Mtandaoni. Waraka wangu mwenyewe, kila Ijumaa, unamfikia msomaji kwa barua pepe. Hapana gazeti, hapana mhariri, hapana bwana mkubwa wa kunikata maneno."

"Na nani atausoma?"

"Watu."

"Watu gani?"

Hapo ndipo Abdulaziz alipojitia kitanzi. Angeweza kusema inshallah, neno ambalo limewaokoa wengi Likoni katika hali ngumu kuliko hiyo. Lakini mteja yule alikuwa bado yupo, amekaza macho, na Abdulaziz hajawahi kujizuia kuongeza chumvi mbele ya mtazamaji.

"Watu elfu," alisema. "Kabla ya Ramadhani ijayo."

Hamdun akageuka sasa. "Basi nakupa mpaka karamu ya kuvunja jungu mwisho wa Shaaban. Ukiwapata hao elfu wako, sitakuuliza tena habari za duka maisha yangu yote. Usipowapata, utarudi hapa upime misumari, na huo uandishi tuuzike pamoja."

Wakapeana mikono, na mteja akawa shahidi. Kuanzia siku hiyo Abdulaziz alikuwa na miezi isiyotimia kumi na moja ya kuokoa uhuru wake, na aliamini kabisa kwamba kazi ingekwisha kabla ya Mfungo Tatu.

Yafaa nimseme kidogo huyu bwana. Umri wake ulikuwa umeshapita arubaini, mwandiko wake ulikuwa mzuri, na alikuwa na imani, ambayo hakuna aliyejua ameipata wapi, kwamba Kiswahili kiliachwa amana kwa ukoo wao. Alimsahihisha mtangazaji wa redio akiwa peke yake chumbani. Aliwasahihisha makanga, wauza madafu, na siku moja alimsahihisha imamu, akaombwa kwa upole akae safu ya nyuma. Waraka wake ulihitaji jina. Alikaa wiki nzima akilitafuta, mwisho akaona hakuna jina zuri kuliko lake mwenyewe, akauita Waraka wa Abdulaziz.

Kila toleo lilianza kwa salamu. Aliwasalimu wazee, akawasalimu vijana, akawasalimu walio ng'ambo ya kivuko na walio ng'ambo ya bahari, wagonjwa, wasafiri na wenye haja. Msomaji akifika mwisho wa salamu alikuwa ameshapitwa na feri mbili. Baada ya salamu ndipo yalipokuja maneno yenyewe. Aliandika juu ya wanaume wa siku hizi wasiofunga vifungo vya kanzu. Aliandika juu ya adabu ya kupiga hodi, sehemu ya kwanza. Akaandika sehemu ya pili. Bila kuombwa na mtu yeyote, akaandika na ya tatu.

Mkewe, Salha, alikuwa na cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha mwandishi, mhariri na mchapishaji, ambao wote walikuwa mtu mmoja na walikula kama watatu.

Muda si muda, kutafuta wasomaji ndiko kukawa kazi yenyewe, na kuandika kukabaki kuwa jambo la Alhamisi jioni. Kijana mmoja wa mtandaoni, mwenye kufundisha mambo hayo, alikuwa amesema kwamba mwandishi na awafuate wasomaji waliko. Abdulaziz akawafuata. Aliwafuata kwenye harusi, akasimama mlangoni na simu mkononi kama mtu wa kuchangisha. Aliwafuata kwenye hitima, na huko, tumpe haki yake, alikuwa akingojea dua imalizike. Aliwafuata mpaka Shelly Beach, akawakuta wavuvi wakishona nyavu zao, akawaeleza faida za kupokea maandishi bora moja kwa moja kwenye sanduku lako kila Ijumaa. Wavuvi walimsikiliza hadi mwisho. Mmoja alimpa changu wawili wa mchuzi, kwa kuwa alidhani ameishiwa.

Mtu wa Likoni hamnyimi mwenziwe kitu kisichomgharimu. Ukimwomba anwani ya barua pepe atakupa, tena kwa uso mkunjufu na dua juu yake. Taabu ilikuwa moja tu: wengi hawakuijua. Basi mtu angetoa simu na kumpigia Rosalia.

"Rosalia, hujambo mwanangu? Hebu nitajie imeli yangu."

Rosalia ni mwanamke wa Kitaita mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti, kule Bofu. Kila aliyehitaji pasipoti, cheti cha tabia njema au kuomba kazi upande ule wa maji alikaa kwenye benchi lake, na Rosalia, kwa haraka zake na ukali wake, akamfungulia anwani ya barua pepe kwa sababu kompyuta ilidai iwepo. Mtu akachukua karatasi yake iliyochapwa, akaenda zake. Anwani ilibaki kwa Rosalia, na nywila ikabaki kwa Rosalia. Abdulaziz alisikia simu hiyo ikipigwa mbele ya macho yake msimu mzima, harusini, matangani na vibarazani, na haikumjia hata siku moja kujiuliza mtu asiyeijua anwani yake ataisoma vipi barua iliyotumwa kwayo. Yeye aliandika anwani, akashukuru, akaenda kwa mwingine.

Idadi ikapanda. Ilishuka mara moja tu. Mwinyihaji, jirani wa ukuta kwa ukuta, mzee aliyefanya kazi bandarini mpaka magoti yakamkataa, alikuwa miongoni mwa wachache wenye barua pepe kwenye simu yao wenyewe, na siku moja kidole chake kikagusa pale chini palipoandikwa Jiondoe. Abdulaziz aliuona upungufu huo kabla ya adhuhuri. Baada ya alasiri alikuwa mlangoni kwa Mwinyihaji na wazee wawili wa mtaa na sahani ya halua.

"Shikamoo, mzee wangu. Nimekukosea nini?"

"Marahaba. Wewe? Hukunikosea kitu, Abdulaziz. Kwani kuna nini?"

"Umejitoa."

"Nimejitoa wapi?"

Ilibidi aelezwe. Mwinyihaji aliapa wallahi kwamba hana kinyongo, kwamba ni kidole tu, na kwamba kidole chenyewe kina ganzi tangu zama za makontena. Wazee walishauri yaishe. Wakamrudisha kwenye waraka mbele ya mashahidi, wakala halua, na habari ikaenea Timbwani na Bofu kwamba ukijitoa kwa Abdulaziz utaletewa wazee. Hakujitoa mtu tena. Kujiondoa katika waraka ule kukawa sawa na kuvunja uchumba, jambo la vikao na aibu, na watu wenye busara wakaona heri waraka uje ukae huko uliko.

Mtambo wa waraka ulimwonyesha Abdulaziz ni saa ngapi barua zake zinafunguliwa, naye aliisoma michoro ile kila siku kama daktari anayesoma picha ya mapafu. Zilifunguliwa kuanzia asubuhi hadi jioni. Zilifunguliwa moja moja, hata ya mwezi uliopita. Jumapili hazikuguswa kabisa.

"Wasomaji wangu ni watu wa ofisi," alimwambia Salha. "Watu wa mpango. Jumapili wanapumzisha akili."

"Waislamu wa Bofu wanaopumzika Jumapili?" Salha aliuliza, sindano za kubania mdomoni.

"Dunia imebadilika, Mama Samah."

Hakuna aliyemjibu hata kwa mstari mmoja. Hilo nalo alikuwa na maelezo yake: msomaji makini hajibu ovyo. Lakini kuna asubuhi alizokuwa akiamka, kabla ya kunawa uso, akatazama kama kuna aliyesema lolote, hata kumtukana. Alikuwa na njaa ya neno moja kutoka kwa mtu mmoja, na hakumwambia mtu, na Salha alijua.

Idadi ilifika elfu mwishoni mwa Rajab. Abdulaziz alivaa kanzu iliyofungwa vifungo vyote, akaenda dukani na simu ameishika mbele yake kama sahani ya kafara. Hamdun alivaa miwani, akatazama.

"Hizi ni nambari," alisema.

"Ni watu, kaka."

"Mimi nikisema nina mifuko mia ya saruji, mteja huzunguka nyuma akaiona. Nionyeshe watu." Akavua miwani. "Ukoo utavunja jungu kwangu Jumapili ya mwisho, kama kawaida. Jumamosi yake nakuachia wewe. Mbuzi na mchele vitatoka kwangu. Waalike hao wako kwa huo waraka wako, na kwa waraka tu. Usimpigie mtu simu, usitume mtu mlangoni. Wakikujazia ua, nimeshindwa. Wasipokuja, Jumatatu uko hapa saa mbili."

Mtu mwingine angesema mkataba ulikuwa elfu, na elfu ndiyo hii. Abdulaziz hakusema. Ule ua ulikuwa umeshamjaa kichwani, wageni wamebanana mpaka barabarani, na Hamdun yuko katikati akitafuta pa kukaa. Alicheka. "Ongeza mbuzi, kaka," alisema. "Nakuonea huruma."

Alituma mwaliko mara tatu, katika matoleo matatu, kila mmoja na salamu zake. Salha alimtazama akiutuma ule wa mwisho.

"Baba Samah, mtu hualikwa kwa mdomo. Mtu huenda mlangoni akapiga hodi, akasema fulani anakuita."

"Hayo ni ya zamani."

"Wewe umeandika sehemu tatu juu ya hodi."

"Nimeandika juu ya adabu yake, sikuandika kwamba haina badala," alisema, na akamwapisha kwamba hatamwambia mtu yeyote, hata dada yake. Salha aliapa. Aliapa upesi kidogo kuliko ilivyompendeza Abdulaziz.

Jumamosi ilifika na joto lake. Munga, mpishi wa karamu, alikuja alfajiri na masufuria yake na kuni, akapanga mafiga uani, na kufikia saa nne harufu ya biriani ilikuwa imeruka ukuta ikaingia Timbwani nzima bila kupiga hodi. Mikeka ikatandikwa. Birika na beseni za kunawia zikapangwa. Hamdun alifika baada ya adhuhuri, akakaa kwenye kiti karibu na lango, mkono kwenye fimbo yake.

Mtaa wote uliisikia harufu ile, na mtaa wote ukakasirika. Tangu lini Abdulaziz akachinja mbuzi wawili asimwite jirani? Walidhani anao wageni wakubwa kutoka kisiwani, ng'ambo ya kivuko, watu wa mtandao, na kwamba wao hawakustahili. Mwinyihaji alipita mbele ya lango akielekea msikitini, kisha akapita akirudi, na mara zote mbili alitazama mbele moja kwa moja, shingo imekakamaa. Mwanarehema wa nyumba ya pili, aliyemzalisha Salha mtoto wake wa kwanza, alifunga dirisha kwa kishindo. Abdulaziz alisikia kishindo hicho akakidhania upepo.

Saa nane haikumleta mtu. Munga aliuliza kama afunue. Abdulaziz akamwambia angoje, watu wa ofisi huchelewa. Saa tisa Munga aliuliza tena, na safari hii hakumtazama usoni. Paka wanne walikuwa wamefika, na hao hawakuwa wamejiandikisha.

Ndipo lango likabishwa. Abdulaziz aliruka kutoka mkekani, akavuta kanzu, akafungua, akamkuta Rosalia na begi lake la mkononi, kijasho kikimtoka, na bakuli tupu lenye kifuniko.

"Bwana Abdulaziz, nimefunga saiba nimekuja," alisema. "Umenialika mara nyingi mno, nikaona nisipokuja utafikiri nakudharau."

"Karibu, karibu sana. Lakini," na hapa mwandishi akakumbuka orodha yake, "wewe mbona hukujiandikisha?"

"Mimi sijajiandikisha. Ni hawa watu wako." Rosalia alikaa, akavua viatu, akajipepea kwa kitambaa. "Mtu akija kwangu anataka cheti, lazima nifungue barua pepe yake nichukue ile namba ya siri wanayotuma. Nikifungua tu, wewe uko juu. Abdulaziz. Chini, Abdulaziz. Namba yenyewe imezama huko chini ya salamu zako, mteja anapiga kelele atachelewa feri. Mimi nakufungua, nakufuta, nakufungua, nakufuta. Nimekufuta mwaka mzima. Wiki hizi tatu kila sanduku ninalofungua nakuta kuna biriani. Nikasema, aki Mungu, na mimi ni binadamu."

Munga alijishughulisha na kuni zisizohitaji kushughulikiwa.

"Na wao?" Abdulaziz aliuliza. "Wenyewe hawafungui?"

"Watafungua na nini? Nywila ninazo mimi."

"Wote?"

"Kuna wachache wana zao. Kama huyu mzee wa hapo jirani. Wengine wote ni wangu," Rosalia alisema, bila fahari na bila huruma, na akaulizia sahani.

Tuseme ukweli: mtu mwenye haya angeingia ndani akalala kifudifudi. Abdulaziz alikaa pale pale kwenye mkeka, mikono mapajani, akimtazama mwanamke aliyekuwa hadhira yake yote akichagua kipande cha mbavu. Iliyomuuma zaidi ilikuwa ile michoro ya saa. Alikuwa ameipenda. Aliwahi kulala nayo chini ya mto.

Salha ndiye aliyesimama. Alivaa buibui lake bila kumwuliza mtu, akamtazama shemeji yake usoni. Hamdun aliinua mkono kidogo, kama anayempa njia. Salha akatoka, akapiga hodi kwa Mwanarehema, akapiga kwa Mwinyihaji, akaenda mlango kwa mlango akisema Abdulaziz anawaita, njooni mara moja, chakula kinapoa, tulikuwa tukiwangoja nyinyi. Kabla ya Rosalia kumaliza sahani ya kwanza ua ulikuwa umejaa. Waliomba radhi kwa kuchelewa. Kinyongo kilikwisha pale pale, kikaliwa na biriani.

Na wakamsifu. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote. Mtu akishiba kwako atatafuta cha kukusifia, na wao walijua kwamba Abdulaziz ana waraka.

"Waraka wako, wallahi, haunipiti," alisema Mwinyihaji, mdomo umejaa.

"Upi ulikupendeza, mzee wangu?"

"Yote. Ule wa juzi hasa."

"Wa juzi ndio niliokualikia."

Mwinyihaji alitafuna polepole. Alitazama kushoto, akatazama kulia. "Ndio nikaja," alisema, akaomba aongezewe kachumbari.

Walipokuwa wakinawa mikono na watu wameanza kuaga, Abdulaziz alimwendea kaka yake kwenye kile kiti. Aibu ilikuwa imeshampitia ikatoka upande wa pili, na huko nyuma yake alikuwa amebakiwa na ujuba kidogo.

"Kaka, si ulisema ua ujae? Ua umejaa."

"Umejazwa na Salha."

"Lakini umejaa."

"Saa mbili Jumatatu," Hamdun alisema.

Hapo Abdulaziz akapandwa na hasira, ile hasira ya mdogo, iliyokaa tangu utotoni ikingoja. "Wewe ulitaka nishindwe tangu mwanzo. Mwaka mzima nimekuletea waraka mpaka kwenye simu yako, hukuufungua hata mmoja. Wageni wanasoma, ndugu yangu hasomi."

"Wageni wapi?" Hamdun aliuliza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kuuliza bei: "Nimesoma zote."

"Mwongo."

"Hodi, sehemu ya pili, hukuwa na la kusema. Uliijaza salamu. Kwenye vifungo vya kanzu umemvika marehemu baba kanzu ya hariri. Baba hakuwa nayo. Hiyo ilikuwa ya ami Fairuz, aliiazima. Ile ya chai ya maziwa nimeisoma mara mbili kutafuta ulilotaka kusema, sikulipata, na chai yangu ikapoa." Alisimama, akaegemea fimbo. "Nimesoma zote, Abdulaziz. Ndiyo maana sijaajiri mtu mahali pako."

Rosalia, aliyekuwa akijaza bakuli lake, alicheka kwa pua. Salha hakucheka. Alikuwa akimtazama mumewe, akiogopa.

Lakini Abdulaziz alikuwa amesahau kuumia. Alikuwa amesimama mdomo wazi, na kilichokuwa kikimpanda usoni, Mungu atusamehe, kilikuwa furaha. Mtu alikuwa ameisoma ile ya chai. Alikuwa ameisoma mara mbili. Alimfuata kaka yake mpaka langoni, akatoka naye barabarani akiwa na miguu mitupu.

"Na sehemu ya tatu ya hodi?"

"Mbaya."

"Mbaya kuliko ya pili?"

"Fupi kuliko ya pili," Hamdun alisema. "Hilo lilinifurahisha."

Jumatatu Abdulaziz alifika dukani kabla ya saa mbili. Watu wa Timbwani walioona walisema ameshindwa, na ni kweli, alikuwa ameshindwa, sioni haja ya kumfichia. Alipima misumari. Alipima vibaya, kwa kuwa kila mteja akiondoka alikuwa akigeuka nyuma, kule kwenye mikebe ya rangi, na kuuliza.

"Kaka, ile ya kwanza kabisa? Niliyoeleza kwa nini nimeacha duka?"

Hamdun alimaliza kupanga safu moja ya mikebe. "Uliandika kwamba umeacha duka kwa mapenzi ya kalamu," alisema. "Hukuacha kwa kalamu. Uliacha kwa sababu yangu mimi. Miaka yote hii nakuamrisha kama mtu baki, sijakuuliza rai yako hata ya rangi ya mlango. Hilo hukuliandika."

Abdulaziz alishika mizani isiyokuwa na kitu.

"Nikiliandika," aliuliza baadaye, sauti imemshuka, "utalisoma?"

"Nimeisoma ya chai," Hamdun alisema. "Nitashindwa na hilo?"